Darubini ya bunduki kwa elki wa Colorado: 3-9x40, 3-15x42 au 4-16x50?

Mwanamlima (Denver)

Wakuu, salaam. Mwaka huu naingia porini kuwinda elki, yule kulungu mkubwa wa Amerika, hapa Colorado, msimu wa pili wa bunduki, mwisho wa Oktoba. Cheti cha mafunzo ya uwindaji ninacho (jimbo hili, aliyezaliwa tangu Januari 1, 1949 hapati leseni bila hicho), kibali kimeshatoka, na bunduki ni ya kaliba .30-06, ya bolti (unavuta komeo kwa mkono kila baada ya risasi), inayokula risasi zenye uzito wa greni 180. Kilichobaki ni darubini ya juu yake.

Ninakokwenda ni pembezoni mwa milima ya Flat Tops, kati ya futi 9,000 na 10,500. Kuna msitu mzito wa misonobari ambamo huoni mbali, halafu ghafla unatokea kwenye uwanda wa nyasi ambako mnyama anaweza kuwa yadi 350 upande wa pili. Nimechuja nikabaki na Leupold VX-Freedom 3-9x40 (yaani inavuta mara 3 hadi 9, na lenzi ya mbele ni milimita 40), Vortex Razor HD LHT 3-15x42, na darubini yoyote nzuri ya 4-16x50, maana muuza duka anasisitiza kwamba Magharibi huku bila lenzi ya 50 sitaona kitu alfajiri. Bei zinapishana mno: ya kwanza ni ya mtu wa kawaida, ya pili inagusa dola elfu. Naomba maoni ya waliokwishabeba hizi mlimani, si waliozisoma tu.

Baba_Furaha (Boise)

Karibu sana, ndugu. Sisi huku Idaho milima imesimama kama ukuta, kwa hiyo swali la kwanza ninalouliza ni uzito. Hiyo 3-9x40 ina aunsi 12 na kidogo. Vortex LHT ina kama 19, na hapo imepunguzwa uzito kwa makusudi. Nyingi za 4-16x50 zenye bomba la milimita 30 zinafika aunsi 24 au kuzidi. Mtu akisoma karatasi ataona tofauti ndogo. Lakini uzito huo unakaa juu kabisa ya bunduki, nayo inataka kupinduka kila unapoitundika begani, na ukifika juu ukiwa unahema, kuituliza kunachukua muda ambao elki hakupi.

Halafu soma kanuni za jimbo kabla hujatoa pesa. Idaho bunduki pamoja na vyote vilivyofungwa juu yake haitakiwi kuzidi paundi 16, na vifaa vya elektroniki kwenye bunduki au darubini vimekatazwa, isipokuwa msalaba wa kulengea ulio ndani ya lenzi, ukiwa unawaka kwa betri au tritiamu (mwanga usiohitaji betri). Kwako Colorado, darubini yenye kompyuta ndani yake inaifanya bunduki ihesabiwe kuwa ya kielektroniki na hairuhusiwi kuwindia. Siku hizi zinauzwa wazi madukani, na muuzaji hatakwambia.

Mzee wa Rufiji (Salt Lake City)

Kijana, kabla ya kuhamia Utah nilifanya kazi na kampuni za uwindaji kusini mwa Tanzania, kwa hiyo nitasema nililoliona pande zote mbili. Kwa nyati, sheria ya nyumbani inataka kaliba ya .375 kwenda juu, na darubini ni ya 1.5-6x42 au hata 1-4x24, kwa sababu nyati anapigwa karibu. Mteja akija na darubini ya kuvuta mara 16, mnyama akitokea kwenye kichaka anaona manyoya meusi tu kwenye lenzi, hajui ni bega au ni tumbo.

Sasa elki si nyati, na uwanda wako wa yadi 350 unahitaji kuvuta zaidi ya mara 4. Lakini nusu ya safari yako ni ndani ya miti. Fanya hesabu hii: 3-9x40 ikiwa kwenye 3 inakuonyesha upana wa futi 33 hivi kwa yadi 100. Kwa yadi 30 hiyo ni futi 10, na dume la elki lina urefu wa futi 8 hivi, kwa hiyo unamwona mzima, kichwa hadi mkia. Darubini inayoanzia 4 inakupa kama futi 25 kwa yadi 100, yaani futi 7 na nusu kwa yadi 30. Hapo mnyama hatoshi kwenye lenzi, na mbele yake kuna matawi.

Kwa hiyo angalia namba ya chini kabla ya namba ya juu. Na unapotembea iache kwenye namba ya chini kabisa. Mnyama wa mbali anakupa nafasi ya kuizungusha. Wa karibu hakupi.

Injinia_Otieno (Casper)

Mzee amesema kweli kuhusu msitu, ila mimi nitaitetea 3-15x42. Hapa Wyoming nawinda pronghorn (mnyama kama swala) kwenye nyika ya vichaka vifupi vya sagebrush, hakuna mti hata wa dawa, na kifua chake cha kulenga hakizidi sana upana wa sahani. Yadi 300 ni ya kawaida, na kwenye 9 unamwona lakini hutofautishi vizuri pembe za dume na jike akiwa amelala. LHT inaanzia 3, kwa hiyo hoja ya Mzee ya namba ya chini inatimia, na bado una 15 ukihitaji.

Faida yangu kubwa lakini si kuvuta, ni tureti, kile kitufe cha juu ya darubini unachozungusha kusogeza mahali risasi inapopiga. .30-06 yako ya greni 180, ikitoka kwa futi 2,700 kwa sekunde na ziro (umbali ambao risasi inapiga pale pale msalaba ulipo) ikiwa yadi 200, inapiga inchi 2 juu kwa yadi 100, inashuka inchi 8 hadi 9 kwa yadi 300, na kwa yadi 400 imeshuka kama inchi 24. Mpaka 300 unaweza kulenga juu kidogo ya katikati ya kifua na elki ni wako. Kwa 400 kulenga hewani juu ya mgongo ni kubahatisha. Kwenye tureti ambayo kila kliki ni robo MOA (MOA moja ni inchi moja na kidogo kwa kila yadi 100) hizo inchi 24 ni kliki 23 hivi: unazungusha, unalenga pale unapotaka risasi iingie, basi.

Ila tureti iwe ya kuaminika. Ukishaweka ziro, fanya jaribio la mraba: panda kliki 20, nenda kulia 20, shuka 20, rudi kushoto 20, ukipiga risasi kila kona. Ya mwisho ikiangukia tundu la kwanza, darubini hiyo inafanya kazi. Isipoangukia, irudishe ilikotoka, hata kama lenzi yake inang'aa vipi.

Mwanamlima (Denver)

Injinia, asante, hizo namba zimenisaidia kuliko video zote. Swali: wengine wanasema nisizungushe chochote, nitumie alama zilizochorwa chini ya msalaba, moja ya 300, moja ya 400. Hiyo si rahisi zaidi kwenye baridi ukiwa na glavu?

Injinia_Otieno (Casper)

Ni rahisi, kwa sharti moja ambalo wengi hawaambiwi. Kwenye darubini hizi mbili msalaba uko nyuma ya mitambo ya kuvuta, haukui wala haupungui unapozungusha. Kwa hiyo alama zinasema kweli kwenye namba moja tu, kawaida ile ya juu kabisa. LHT ikiwa kwenye 15, alama ya MOA 2 ni MOA 2. Ukiishusha hadi 7.5, alama hiyo hiyo sasa ni MOA 4. Mtu aliyetoka msituni na darubini yake iko kwenye 5, akatumia alama ya 400 bila kugusa pete ya kuvuta, risasi inapita juu ya mgongo.

Zipo ambazo msalaba unakua pamoja na picha, alama zinasema kweli wakati wote. Lakini kwenye namba ya chini, ndani ya msitu wenye giza, msalaba wake unakuwa mwembamba kama uzi wa buibui. Kwa elki wa kwenye miti sizipendekezi, labda ziwe na taa.

Neema_B (Missoula)

Shikamoo Mzee, na wengine wote habari. Naona mmeongea yote isipokuwa giza, na elki ni mnyama wa giza. Sheria kwako inaruhusu kupiga kuanzia nusu saa kabla jua halijachomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na ni katika nusu saa hizo anatoka mitini. Muuza duka amekuambia lenzi ya 50. Gawanya mwenyewe: upana wa lenzi ya mbele kwa namba ya kuvuta, unapata upana wa mwanga unaofika jichoni. 50 kwa 10 ni milimita 5. 40 kwa 8 ni milimita 5 vilevile. Yaani ukiishusha 3-9x40 kutoka 9 hadi 8, mwanga ni ule ule wa lenzi kubwa ikivuta mara 10. Kwenye 6 unapata 6.7, na mboni za watu wengi wazima hazifunguki kupita hapo. Kinyume chake, 42 ikivuta mara 15 inakupa 2.8, ambayo jioni ni picha ya moshi. Ubora wa vioo na rangi iliyopakwa juu yake unahesabika zaidi ya ukubwa. Na lenzi ya 50 inalazimisha pete ndefu za kufungia darubini, shavu linaacha kitako cha bunduki, unalenga ukiwa umeinua shingo.

La pili, na hili nalisema kwa moyo wote: darubini ya bunduki si ya kutafutia wanyama. Kila unachokitazama kupitia hiyo umekielekezea mtutu. Colorado mmevaa chungwa au pinki inayowaka, inchi za mraba 500, kwa sababu mlima mmoja una watu wengi. Tafuta kwa darubini ya mkononi ya 10x42 iliyofungwa kifuani, ukae, uegemeze viwiko kwenye magoti, upitie kipande kwa kipande. Hutaona elki mzima. Utaona mstari mmoja uliolala kati ya miti iliyosimama, huo ni mgongo; au kipande cha rangi ya majani makavu pasipo majani makavu. Kama mfuko una dola 1,000, mimi ningeweka 350 juu ya bunduki na zinazobaki kifuani.

Baba_Furaha (Boise)

Dada Neema amemaliza. Naongeza baridi. Ndani ya darubini nzuri kuna naitrojeni au agoni, haiingii ukungu. Ukungu unaokukosesha ni wa nje. Usiingize bunduki kwenye hema lenye jiko la kuni halafu alfajiri uitoe kwenye theluji. Iache nje pasipo na joto, imefunikwa, haina risasi, imefungwa salama. Na ukilenga, usipumulie lenzi ya jicho.

Mteule (Aurora)

Vipi kuhusu urefu wa mahali? Nimesikia ziro ya Denver haifai juu mlimani.

Injinia_Otieno (Casper)

Hewa ya juu ni nyepesi, risasi haishuki sana kama kule chini. Kutoka Denver hadi futi 10,000, ndani ya yadi 300, tofauti ni ndogo kuliko mtikisiko wa mikono yako. Upepo ndio wa kuogopa: maili 10 kwa saa ukivuma ubavuni unaisogeza .30-06 hiyo inchi 6 au 7 kwa yadi 300, na hakuna darubini inayokuonyesha hilo.

Mwanamlima (Denver)

Nimewasoma wote, na uamuzi ni huu. 4-16x50 nimeiacha. Kati ya mbili zilizobaki nachukua 3-9x40, ile yenye tureti ya CDS inayochongwa kulingana na risasi yangu, na tofauti ya bei inakwenda kwenye 10x42 na kipima umbali cha leza. Kikomo nimekiweka yadi 300, mnyama aliyezidi hapo nitamsogelea. Injinia, ningekuwa naenda kwa pronghorn wako ningefuata ushauri wako wa LHT bila ubishi.

Duka wamesema watanifungia bure. Niwaachie?

Mzee wa Rufiji (Salt Lake City)

Wafunge, lakini usimame pale. Kwanza ulale kifudifudi ukiwa umevaa koti zito utakalovaa mlimani, bunduki begani, darubini ikiwa kwenye 9, wao waisogeze mbele na nyuma mpaka uone picha kamili bila kivuli cheusi pembeni. Kati ya jicho na kioo ibaki inchi tatu na nusu au zaidi. .30-06 inarudi kwa nguvu, na ukipiga kuelekea juu ya mteremko kichwa kinasogea mbele chenyewe, ndipo watu wanapasuliwa nyusi.

Skurubu za pete zikazwe kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, inchi-paundi 15 hadi 18, au kama karatasi ya pete inavyosema, zikipokezana ili nafasi pande zote mbili ilingane. Wakikaza kwa mkono na kukuambia inatosha, chukua bunduki yako uondoke. Kisha chora mstari mwembamba wa rangi unaovuka skurubu na pete, utauona ukikatika kama kitu kimelegea. Ziro uipige ukiwa umekaa na umeegemea begi, si mezani tu, na ukifika kambini baada ya barabara ya mawe piga risasi mbili kabla ya siku ya kufungua msimu, mahali panaporuhusiwa.

Mwanamlima (Denver)

Ijumaa naenda dukani na koti. Shabaha ya jaribio la mraba nitaipiga picha niiweke humu, mnikague.