Kumzoesha mtoto wa mbwa kujisaidia nje: ratiba, kizimba au pedi?

Tumaini_K
Wadau, naomba ulinganisho. Mtoto wa mbwa ana wiki 9, chanjo hazijakamilika, nyumba iko ghorofa ya tatu. Asubuhi na jioni kuna mtu, ila mchana anabaki peke yake kama saa nne. Njia zinazotajwa ni tatu: kumtoa nje kwa ratiba tangu siku ya kwanza, ratiba pamoja na kizimba cha ndani, au pedi za kunyonya mkojo na magazeti kwanza, nje baadaye. Ipi inamaliza kazi mapema, na ipi inaacha kasoro?

FundiMbwa
Mkuu, kabla ya njia anza na kibofu. Kwa makadirio, mtoto wa mbwa aliyetulia hujizuia saa moja kwa kila mwezi wa umri wake. Huyo wako ni saa mbili, tena akiwa ametulia. Akiwa macho na anacheza, mtoe kila dakika 30 hadi 45. Kwa hiyo hizo saa nne za mchana hazina njia itakayozibeba: ama apatikane mtu wa kumtoa katikati, ama awe na mahali halali pa kukojolea humo ndani.

Ratiba peke yake ni nzuri kwa sababu inafundisha somo moja tu: haja ni nje. Anatolewa akiamka, akishakula (ndani ya dakika 5 hadi 30), akishakunywa maji mengi, na kabla ya kulala. Tena katikati ya mchezo, pale anapoacha kitu alichokuwa anakitafuna na kushusha pua sakafuni, akazunguka mduara mdogo au kuelekea kona. Hapo una sekunde chache tu, mbebe. Usimwache ashuke ngazi mwenyewe, atamwaga njiani.

Udhaifu wa njia hii ni macho ya mwenye mbwa. Ukigeuka kupika dakika kumi, ameshakojoa nyuma ya kochi, na kila kosa ambalo hukuliona linamfundisha kwamba nyuma ya kochi ni choo.

BiMwanahawa
Na ndiyo maana mimi nasimama na kizimba. Kinaziba pengo hilo hasa: mbwa hapendi kuchafua anapolala, basi usipoweza kumwangalia anakuwa humo.

Ila vipimo ni muhimu, na wengi wanakosea hapa. Kizimba kimtoshe kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka na kujinyoosha akilala, basi. Kikiwa kikubwa atalala upande huu na kukojoa upande ule. Kama umenunua cha saizi ya utu uzima, weka kizuizi cha kati na ukisogeze kadiri anavyokua.

Siku mbili tatu za kwanza mlango ubaki wazi, chakula akile humo humo. Kisha funga dakika 5, halafu 10, halafu 30, ukiwa chumbani. Ukimfungia saa nzima siku ya kwanza atalia mpaka ajikojolee, na hapo umeharibu kitanda na imani yake kwa pamoja.

Hatua za kumtoa: mfunge kamba, mpeleke mahali palepale kila mara, simama kimya. Mpe dakika 5. Akianza, nyamaza mpaka amalize. Ukimsifu mapema anakatisha, halafu anamalizia ndani. Akimaliza, kipande kidogo cha nyama ndani ya sekunde mbili, hapo hapo chini. Ukimpa mkiwa mmesharudi mlangoni, umemtuza kwa kurudi. Subiri dakika 2 au 3 zaidi, wengi hukojoa mara mbili. Asipofanya kitu, mrudishe kizimbani dakika 10 hadi 15, kisha mtoe tena. Uhuru wa chumba, dakika 20 hivi, anaupata baada ya kujisaidia tu.

Ghorofani
Naheshimu hayo yote, Bi Mwanahawa, lakini kwa ghorofa ya tatu na chanjo pungufu msizifute pedi. Virusi vya parvo (ugonjwa hatari wa kuhara kwa watoto wa mbwa) hukaa kwenye udongo miezi mingi, na uwanja unaopitwa na mbwa wengine si wa kumshusha chini mtoto wa wiki 9. Dozi za msingi kwa kawaida humalizika akiwa na wiki 16 au zaidi kidogo. Kungoja hadi hapo bila choo chochote ni kumwachia nyumba nzima.

Shida ya pedi ni jinsi inavyohisi chini ya miguu. Karibu na wiki ya 8 watoto wa mbwa huanza kushikilia aina ya sakafu waliyozoea kujisaidia, na pedi ni laini kama zulia, taulo na kapeti ya bafuni. Hivyo kama kuna roshani, weka trei ya nyasi halisi badala ya pedi. Siku atakaposhushwa uwanjani, miguu yake tayari inajua.

Kama ni pedi lazima, iwe ndani ya uzio mdogo uliowekwa chumbani: kitanda upande mmoja, pedi upande wa pili, maji karibu na kitanda. Mwanzoni tandika nafasi yote iliyobaki, kisha punguza kuanzia upande wa kitanda, pedi moja kila baada ya siku 3 au 4 safi. Kosa utakaloliona mapema: miguu ya mbele iko juu ya pedi, mkojo uko sakafuni. Yeye anahisi amefika. Pandanisha pedi mbili, au tumia trei yenye ukingo mfupi. Akiichana, ibane kwa fremu.

FundiMbwa
Hapo kwenye nyasi tuko pamoja. Pedi iliyotupwa tu kona ya sebule ndiyo ninayoipinga: hiyo inafundisha kwamba ndani panaruhusiwa, halafu baada ya miezi miwili unaanza kufuta somo lako mwenyewe.

Kwa hali ya Tumaini ningechanganya: kizimba kwa usiku na kwa vipindi vifupi, uzio wenye trei ya nyasi kwa zile saa nne, na mtu akiwapo, ratiba kama kawaida. Usimwache kizimbani saa nne. Mbwa aliyelazimika kulalia mkojo wake huacha kuuchukia, na kumrudisha hapo ni kazi ngumu kuliko zote zilizotajwa hapa.

DkMifugo
Niongeze ya afya na usafi. Chakula kwa saa, mara 3 au 4 kwa siku, bakuli liondolewe baada ya dakika 15. Chakula kinachokaa chini siku nzima kinaleta haja isiyo na saa. Maji usimnyime mchana.

Alama za mkojo zisafishwe kwa dawa yenye vimeng'enya (enzymes) vya kuvunja mkojo. Nyonya mkojo kwanza kwa kitambaa, mwaga dawa mpaka ifike ulikofika mkojo, iache dakika 10 hadi 15. Epuka dawa zenye amonia, harufu yake inamwita tena. Klorini usiimwage juu ya mkojo: ikikutana na amonia iliyomo inatoa gesi yenye sumu.

Akikojoa matone matone mara nyingi, akijikamua, au kukiwa na damu, hilo si suala la mafunzo, apimwe mkojo. Na yule anayechuruzika akisalimiwa tu, akiwa amelala chali au ameinama, hajakosea. Msalimieni kwa utulivu, bila kumwinamia.

Tumaini_K
Asanteni sana. Usiku je? Na nikimkuta katikati ya tendo?

BiMwanahawa
Kizimba kiwe karibu na kitanda chako, umsikie. Maji yaondolewe saa mbili kabla ya kulala, haja ya mwisho dakika ile ile unayozima taa. Kwa umri huo weka kengele ya saa ilie baada ya muda wa saa 3, kisha isogeze mbele dakika 15 kila baada ya usiku kadhaa mkavu. Mkitoka usiku, taa ndogo, hakuna mchezo, hakuna maneno.

Ukimkuta anakojoa, piga makofi mara moja taratibu, mbebe, amalizie nje na apate zawadi yake. Ukikuta ameshamaliza, safisha tu. Kumsugua pua au kumfokea kunamfundisha kutokojoa mbele ya watu, na mbwa huyo akiwa kwenye kamba uwanjani atabana haja nusu saa, halafu aje kujificha chini ya meza.

Ghorofani
Na usifungue vyumba vyote kwa pupa. Chumba kimoja mpaka wiki nne bila kosa, ndipo cha pili. Akirudia makosa akiwa na miezi 5 hadi 8, funga tena vyumba na rudisha ratiba ya mwanzo kwa wiki mbili. Dume wa umri huo akiinua mguu kwenye miguu ya viti, huko ni kuweka alama, kunataka uangalizi wa kamba hata ndani.