TUPEANE UZOEFU: Maisha ya nyumbani kwenu yaliathirije masomo na hali ya mtoto?

Mwalimu wa Zamu (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu kwenye shule ya serikali, Morogoro mjini. Michango ya lazima iliondolewa Januari 2016 na waliokuwa wanakosa shule kwa ajili ya michango wakaja. Madarasa yamejaa, nami nafurahi kwamba wapo. Ila mtoto haachi ya nyumbani getini.

Nina mvulana mmoja alikuwa analala kipindi cha kwanza karibu kila siku. Kipindi cha kwanza ni hesabu, kwa hiyo ripoti ya muhula ikaandikwa kwamba ni mzito wa hesabu. Nikaenda kwao. Baba ana banda la chipsi, mama amesafiri kuuguza, na mtoto ndiye anamenya viazi mpaka saa tano usiku. Baba wala si mkatili, amezidiwa. Tukaongea, viazi vikahamia mchana akitoka shule, na saa tatu usiku awe kitandani. Muhula uliofuata alikuwa anagawanya kwa njia ndefu bila kuniuliza kitu.

Sasa nataka nisikie kutoka kwenu. Umelelewa na mama peke yake, na bibi, na baba wa kambo, kwenye nyumba ya wake wawili, chumba cha kupanga, nyumba ya geti na dada wa kazi? Ilikujenga wapi, ilikuumiza wapi? Na unayelea sasa, kwako nini kimefanya kazi? Imani yangu ni kwamba mtoto anahitaji mtu mzima anayejua siku yake imeendaje, awe nani kwenye ukoo. Naomba tusihukumiane.

Mama Lishe Mbagala

Mwalimu, habari za kazi. Nalea binti peke yangu, yuko la sita. Tunaishi chumba kimoja kwenye nyumba ya wapangaji, huku redio, huku TV. Naamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko. Meza ya kusomea hatuna, wala pa kuiweka hapapo.

Tulichofanya ni hiki. Jioni nikichambua mchele wa kesho, yeye ananisomea kwa sauti walichofundishwa siku hiyo, Sayansi, Maarifa ya Jamii, chochote. Mimi niliishia la saba na mengi siyaelewi. Lakini sauti yake naijua. Akifika mahali hajaelewa anaharakisha, maneno anayameza. Namwambia rudi hapo hapo, nieleze kwa maneno yako. Akishindwa anaweka alama kwa penseli, kesho anamuuliza mwalimu wake. Watoto wa wapangaji wengine nao siku hizi wanakuja kukaa mlangoni na madaftari yao.

Wasiwasi wangu ni sekondari, kila kitu Kiingereza. Hapo nitamsikiliza nini?

Ticha Bios

Mama Lishe, nafundisha Baiolojia kidato cha kwanza, nakujibu kama ningemjibu dada yangu. Asome kwa Kiingereza halafu akueleze kwa Kiswahili, na wewe uliza maswali yale yale. Wanaonisumbua ni wanaokariri sentensi nzima ya Kiingereza bila kujua inasema nini. Mtoto anayeweza kumweleza mama yake jinsi jani linavyotengeneza chakula ameshaielewa mada, Kiingereza cha mtihani nitamalizana naye mimi. Usiache kuchambua mchele naye.

Mkinga wa Makete

Nimezaliwa Makete, enzi hizo Njombe haijawa mkoa, tuko Iringa. Wanaoijua Makete ya miaka ya 90 mwishoni wanajua ninachosema. Nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu, wa katikati wote wamekwenda na UKIMWI. Sisi bibi alitulea wanne.

Bibi hakujua kusoma. Ijumaa jioni alidai madaftari, anafunua ukurasa kwa ukurasa akitafuta wino mwekundu. Ukikosa swali hakugombi. Ukurasa usio na wino mwekundu ndiyo ilikuwa kesi: "Hapa mwalimu hajapita, kwa nini?" Ukidanganya, Jumatatu anakwenda mwenyewe kumuuliza mwalimu. Shamba tulilima, baridi ya kule ni kali, lakini asubuhi kila mmoja alitoka na viazi vya kuchemsha mifukoni, unapasha mikono njiani halafu unakula mapumziko.

Kilichoniumiza ni kimya. Hakuna aliyetuambia wazazi walikufa kwa nini. Nilijijazia mwenyewe, nikaamini ukoo wetu una laana na mimi zamu yangu inakuja. Kila nikikohoa naogopa. Darasani sinyanyui mkono, maana niliona hakuna haja. Nikiwa kidato cha pili shangazi alinikalisha, akanieleza yote, akanipeleka kupima. Nilikuwa salama. Nililia sana, sijui hata nilikuwa namlilia nani. Kuanzia hapo ndipo nilipoanza kuwaza habari za kidato cha nne.

Mnaolea watoto wa marehemu, nawaomba sana, waambieni. Kwa kadiri ya umri wao, lakini waambieni.

Kiboko Yao

Mkinga, pole sana mkuu. Na Mungu amrehemu bibi.

Baba Juni

Mimi na mama yao wote tumeajiriwa mjini na tunakaa nje kabisa ya mji, tunatoka gizani tunarudi gizani. Wa kwanza tulimpeleka bweni akiwa la pili. Kimasomo alikuwa vizuri, hilo sitalificha. Mwaka 2023 Serikali ilipozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, akarudi nyumbani.

Dada wa kazi ndiye aliyekuja kutuambia kwamba mtoto anaficha mikate chini ya mto. Hakuwa amenyimwa chakula kule, alikuwa amezoea kwamba kula kuna kengele na kengele ikipita imepita. Dada hakumsema. Alimpa kazi ya kushika ufunguo wa kabati la chakula, akimwambia wewe ndiye stoo kipa, mtu akitaka kitu aje kwako. Taratibu mikate ikaacha kupotea, na mtoto akaanza kusimulia mambo ya shule bila kuulizwa, huko huko jikoni.

Wakuu, tunawasahau sana hawa dada. Saa ambazo mtoto yuko macho na ana maswali, sisi tuko kwenye foleni, yeye ndiye aliyepo. Wa kwetu sasa tunamlipia kozi ya ushonaji VETA, na kazi za nyumbani za shule anazikagua yeye kwanza kabla yangu.

Sina Jina

Baba Juni, mimi bweni liliniokoa. Nyumbani mzee akilewa hakuna anayelala, tunajificha kwa jirani na sare tumeshika mkononi. Nilipoingia kidato cha kwanza bweni, cha ajabu zaidi kwangu kilikuwa kulala mpaka asubuhi. Nafasi yangu darasani ilipanda kabla hata sijabadilisha namna ya kusoma. Kwa hiyo naomba mtu asiseme nyumbani ni bora siku zote. Inategemea ni nyumbani kwa nani.

Mwana wa Mlandege

Assalaam alaykum. Hapa Unguja nyumba moja tulikuwa kundi zima, wa baba mkubwa, wa mama mdogo, wote pamoja. Asubuhi skuli, mchana chuoni kusoma Kurani, au kinyume chake kwa wa mkondo wa mchana. Wa juu anamsomesha wa chini yake, hilo halikuwa ombi. Mimi hesabu za sehemu nilizifahamu kwa sababu baada ya Magharibi nilitakiwa nimsomeshe mdogo wangu.

Ubaya wake, mtoto mpole hupotea kwenye kundi. Mmoja wetu alikuwa haoni ubaoni na hakuna hata mmoja aliyejua, tunamwita mzembe tu. Maalim wa chuoni ndiye aliyeona anavyoinamia juzuu mpaka pua inagusa karatasi, akatwambia. Miwani ilipopatikana uzembe ukaisha.

Mama Ishara

Mwanangu wa pili ni kiziwi. Watoto viziwi wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia kama sisi, kwa hiyo mtoto anafika nyumba ambayo haina lugha yake. Kabla hajafikisha miaka sita alikuwa anauma, anavunja vyombo, majirani wakasema ana mashetani. Alikuwa na mambo ya kusema na hana pa kuyapitishia.

Tulihamia Dar kwa ajili ya shule ya viziwi Buguruni. Walimu walituambia wazi: akijifunza lugha ya alama peke yake, akirudi nyumbani atakuwa mgeni. Tukaanza wote, hata mama mkwe. Kaka yake alitupita mapema sana, watoto wana mikono myepesi. Mume wangu aliona aibu kuongea kwa mikono kwenye daladala, siku hizi wanabishana mpira na mwanawe mpaka konda anageuka kutazama. Chakula kwetu kinapoa sana, maana huwezi kumega ugali na kuongea kwa mkono huo huo, na kila mtu ana habari.

Kuuma kuliisha kabla hajajua kuandika hata jina lake. Kusoma kulikuja baadaye, na kulikuja kwa kasi.

Niko Muscat

Nasoma huku nalia. Niko Oman, kazi za ndani, mwanangu yuko Tanga kwa dada yangu. Natuma ada ya masomo ya ziada, sare, viatu, hakosi kitu. Lakini dada anasema amepoa, na kwenye simu ananijibu "poa, poa" tu. Ana miaka tisa. Ijumaa ndiyo napata nafasi ndefu. Siku nyingine nina kama dakika kumi jioni. Mwalimu, mtu wa mbali afanye nini?

Mwalimu wa Zamu

Mdogo wangu, pole na hongera, unabeba mengi. Zile dakika kumi zitumie wakati anafanya kazi ya shule. Saa zenu ziko mbele ya zetu kwa saa moja tu, mnaweza kulingana. Usimuulize "za shule?", atasema poa. Mwombe dada yako apige picha ukurasa wa daftari wa siku hiyo, uuone kabla ya kupiga, halafu uliza swali la ukurasa huo: "hii namba tano ulifikaje kwenye 48?" Atakueleza, na ataendelea na mengine. Naye akikuuliza unarudi lini, mwambie ukweli unaoujua.

Na dada yako aende kuonana na mwalimu wa darasa, amwambie mama yuko mbali. Mimi ningependa kuambiwa. Wakuu, wengine karibuni, uzi uko wazi. Waliolelewa na baba peke yake bado sijawasikia.