Basi moja, kaunti tatu: nakisi ya nauli igawanywe vipi?

Mpangaji_Ruiru aliuliza:
Wadau, naomba msaada wa wanaoyajua haya. Kaunti za Kiambu, Nairobi na Kajiado zikitaka kuendesha kwa pamoja basi la Ruiru hadi Rongai kupitia katikati ya jiji, msingi wa kisheria upo: Kifungu 189 cha Katiba kinaruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja, na NaMATA, mamlaka ya usafiri ya eneo la jiji la Nairobi, iliundwa 2017 kwa ajili ya hizo tatu pamoja na Machakos na Murang'a. Kinachonisumbua ni hesabu. Nauli isipotosha, nani alipe kiasi gani, na pesa zipitie wapi zisikwame?

Hesabu_za_Ruti:
Wengi huanza na kilomita basi linazokimbia ndani ya kila kaunti, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Chukua namba za mfano. Ruti ni kilomita 40: 10 Kiambu, 26 Nairobi, 4 Kajiado. Safari 100 za kwenda na kurudi kwa siku ni kilomita 8,000. Kila kilomita ikigharimu shilingi 120, gharama ya siku ni 960,000. Nauli ikileta 700,000, nakisi ni 260,000. Kwa kilomita peke yake, Nairobi inalipa 169,000, Kiambu 65,000 na Kajiado 26,000.

Nairobi itakataa, na ina haki: abiria wa asubuhi wamelala Ruiru na Rongai. Kwa hiyo nusu ya mgao ifuate kilomita, na nusu ifuate mahali abiria anapopandia kabla ya saa tatu asubuhi. Tuseme Kiambu ina asilimia 35 ya wanaopanda, Nairobi 35, Kajiado 30. Mgao unakuwa Nairobi 130,000, Kiambu 78,000, Kajiado 52,000. Hapo mazungumzo yanawezekana.

Sharti lake ni kadi au tiketi inayorekodi kituo cha kupandia. Makanga akikusanya nauli mkononi huna takwimu, na bila takwimu kila gavana atakuja na zake.

Jimbo la Zürich, Uswisi, hufanya jambo linalofanana na hili. Nusu ya nakisi hulipwa na jimbo, nusu na manispaa, na sehemu ya kila manispaa hutegemea zaidi huduma inayopata, kisha kwa kiasi kidogo uwezo wake wa kodi. Kipengele hicho cha uwezo kinaifaa sana Kajiado.

Karani_wa_Bajeti:
Mgao mzuri hauna maana pesa zikichelewa. Fedha za kaunti hukaa kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, na haziwezi kutolewa bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Mgao wa serikali kuu ukichelewa, mishahara hutangulia, na basi husubiri. Mwendeshaji hawezi kusubiri, maana dizeli hununuliwa kila siku.

Kila kaunti ianzishe mfuko maalumu chini ya kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kwa idhini ya bunge lake. Akiba ya miezi mitatu iwekwe humo kabla basi la kwanza halijatoka. Angalieni kalenda pia: waraka wa mkakati wa fedha hufika bunge la kaunti kufikia Februari 28, makadirio Aprili 30, mwaka huanza Julai 1. Mkikubaliana mwezi wa Mei mmeshachelewa mwaka mzima.

Mkataba wenyewe upitishwe na mabunge yote matatu. Ukibaki na sahihi za magavana tu, uchaguzi wa Agosti unaweza kuufuta. Anayetaka kujiondoa atoe notisi ya mwaka mmoja kamili wa fedha, na mabasi yabaki mali ya chombo cha pamoja.

Steji_na_Leseni:
Msisahau kwamba kaunti hazishiki kila kitu. Steji na maegesho ni zao, leseni ya ruti hutolewa na NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, na Thika Road ni barabara ya kitaifa chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Kituo kimoja tu ndani ya hifadhi ya barabara hiyo kinahitaji kibali cha KeNHA. Ombeni vibali kabla ya kutangaza zabuni ya mabasi, la sivyo mtakuwa na mabasi mapya yasiyo na pa kusimama. Na sacco za matatu ziitwe mapema, zipewe hisa na ruti za kulisha, yaani za kuleta abiria kwenye basi hili. Zikiachwa nje zitashindana nanyi kwenye lami ileile.

Mpangaji_Ruiru:
Asanteni sana. Depo je, pale mabasi yanapolala? Kaunti itakayotoa ardhi ibebe pia kilomita tupu, yaani zile basi linazokimbia bila abiria?

Mdau_wa_Mwendokasi (Dar):
Hapana mkuu. Kilomita tupu ziingie kwenye chungu cha wote, maana depo inahudumia ruti nzima. Ila ardhi msiipokee kwa sababu tu ni ya bure. Depo ya awamu ya kwanza ya mwendokasi, mabasi yaendayo haraka ya hapa Dar, ilijengwa Jangwani, kwenye bonde la Mto Msimbazi. Mvua kubwa zikinyesha mto unafurika, maji yanaingia depo, na Barabara ya Morogoro inafungwa palepale, hivyo mabasi ya Kimara hayafiki Kivukoni. Tafuteni viwanja viwili vidogo, kimoja kila mwisho wa ruti. Kilomita tupu zitapungua, na upande mmoja ukifungwa mwingine utaendelea kutoa mabasi.