Tairi gani nifunge kwenye tandam la mbao? Lami ndefu, tope la msituni

MbaoZaMufindi
Wakuu habari za jioni. Nina Scania tandam (ekseli mbili za nyuma zinazofuatana), tairi 10, inabeba mbao toka mashamba ya miti ya Sao Hill kushuka Dar, ikirudi inapakia saruji au bidhaa za dukani. Tairi zilizopo zimeisha karibu zote, nataka kufunga seti nzima. Shida ni kwamba toka Mafinga mpaka Dar ni lami tupu, karibu kilomita 600, ila huko shambani kuna udongo mwekundu na mvua za Mufindi mnazijua, zikianza Novemba zinaenda mpaka Mei. Dereva anataka nifunge kashata kubwa (zile zenye vipande vinene vya mpira vinavyouma tope) zote 10 tusiwe tunakwama, jamaa wa dukani anasema chukua za lami za mistari ndo zinadumu. Saizi ni 315/80R22.5. Mwenye uzoefu anisaidie, hii ni hela nyingi na sitaki kununua mara mbili.

SukaWaKitonga
Mkuu, wote wawili wako sahihi nusu nusu. Lori hili ungelipangia tairi kwa kuangalia ekseli moja moja.

Anza na mbele. Ubavuni kuna namba kama 156/150 halafu herufi. Hiyo 156 maana yake tairi ikisimama peke yake inabeba kilo 4000, na 150 ni ikifungwa pacha, yaani mbili upande mmoja, kilo 3350 kila moja. Sasa mizani ya Afrika Mashariki inakuruhusu tani 8 ekseli ya mbele yenye tairi 2, piga hesabu, kila tairi inabeba tani 4 kamili, hakuna akiba hata kilo moja. Tandam ya nyuma inaruhusiwa tani 18 kwa tairi 8, yaani tani 2 na robo kila moja, huko una nafasi kubwa sana. Kwa hiyo mtu akikuuzia 152 mbele kwa sababu ni ya bei nafuu, muache nayo, hiyo mwisho wake ni kilo 3550.

Halafu hayo makashata makubwa. Tope linataka kashata kweli, ila wewe kwa kilomita nyingi uko kwenye lami, na kashata ndefu ikikanyaga lami inajikunja kila mzunguko, mpira mnene unatengeneza joto na hauna pa kulitolea, na joto ndilo linaloachanisha mpira na waya za ndani ya tairi. Mafinga unatoka kuna baridi, ukimaliza kushuka mlima wa Kitonga breki zimeshachemsha rimu, unaingia Ruaha Mbuyuni jua la saa saba na mbao zimejaa. Hapo ndipo unakuta maganda ya tairi za watu barabarani. Tena zile za msituni kabisa nyingi zina herufi F au G, yaani mwisho 80 au 90 kwa saa, wakati lori letu sheria inaliruhusu 80. Tafuta K (110) au L (120).

Ningekuwa wewe mbele ningefunga tairi ya mchanganyiko, ile ya lami na vumbi yenye mistari mipana ya kujipinda inayoruhusiwa ekseli zote, mfano Michelin XZY 3 au Bridgestone M840. Nyuma zote 8 kashata ya mchanganyiko yenye mabega wazi ili tope litoke lenyewe gurudumu likizunguka. Chungulia ndani ya mfereji utaona vinundu vidogo vya mpira chini kabisa, usivipuuze, ndivyo vinavyotema kokoto. Tairi isiyo navyo kokoto inakwama humo na kila ukitembea inachimba taratibu mpaka inafika kwenye waya, maji yakiingia waya unaota kutu na tairi imekwisha hata kama kashata bado nzuri.

FundiTairiMakambako
Suka kaongea vizuri ila hapo kwenye nyuma mimi napingana naye kidogo. Funga aina moja zote 10. Lori la safari ndefu linabeba spea moja, mara nyingi, sasa mbele ikipasuka usiku na spea ni kashata ya nyuma utafanya nini? Mbele kushoto kuna ua (mchoro wa kashata) hili na kulia lile, usukani unavuta, kona za milimani hizo ni hatari. Ukiwa na aina moja, za mbele zikishuka unazipeleka nyuma na mpya zinaingia mbele. Kwenye tope una difu loki (inayofanya magurudumu ya kushoto na kulia yazunguke pamoja) na minyororo, inatosha, gari lako linasukuma ekseli zote mbili za nyuma.

Pacha zipimwe kimo kabla hazijafungwa. Mpya na iliyolika zikikaa pamoja, ndefu ndiyo inabeba mzigo na fupi inaburuzwa, zinakufa zote. Dukani soma namba ya DOT ubavuni, tarakimu 4 za mwisho ndizo tarehe ya kutengenezwa, 3523 ni wiki ya 35 ya mwaka 2023. Tairi iliyoanikwa juani miaka hata kama inang'aa mpira wake umeshakauka.

Hili naliomba kwa kila anayesoma hapa, muwaambie na matandiboi wenu: pacha ya ndani ikiisha upepo dereva hajui, anaendelea kwa sababu ya nje imeshika. Inatembea imelala na waya za ubavuni zinakatika moja moja kama waya unaoukunja na kuukunjua mkononi. Mkifika msiijaze upepo hapo hapo! Ivueni, mwangalie ndani, mkikuta unga mweusi wa mpira umelala humo au ubavu una mikunjo, hiyo imekufa, itupeni. Ukiijaza inachanika ubavuni kwa mstari mmoja mrefu na upepo ule unaua mtu aliyechuchumaa karibu. Hata nzima ijazwe ndani ya kizimba cha chuma, bomba refu, fundi asimame pembeni.

LoriLaMarsabit
Salamu kutoka Kenya ndugu zangu. Huku kwetu hesabu ni tofauti kiasi, njia ya Marsabit kwenda Loiyangalani ni mawe ya volkano, yana makali, yanakata ubavu kabla hata kashata haijalika. Ndio maana wengi wetu bado tuko na 12.00R20 za tyubu, ukitobolewa katikati ya jangwa unaifungua kwa vyuma na nyundo, unabandika tyubu, unaendelea. Tubeless (isiyo na tyubu) ikishaachia rimu huko, kuirudisha bila kompresa ya nguvu ni kazi ngumu sana. Lakini wewe wa lami baki tubeless, inapoa vizuri zaidi na pancha ya msumari inashusha upepo polepole. Ukishawishiwa kubadilisha ujue 12.00R20 na 13R22.5 zote ni ndefu kuliko 315/80 kwa karibu sentimita 5, spidomita itasoma chini ya mwendo wako halisi na mlimani gari litakuwa zito.

MbaoZaMufindi
Asanteni sana wakuu, nimewaelewa. Naona hoja ya spea imenigusa, naenda na aina moja zote 10, mchanganyiko, 156/150K. Maswali mawili: nyuma naweza kuweka za kuvalisha mpira upya ili nipunguze gharama? Na upepo, dereva anapenda kupunguza akiingia shambani.

FundiTairiMakambako
Za kuvalisha nyuma sawa, ilimradi unajua ganda limetoka wapi na halijawahi kutembea bila upepo, mbele usithubutu. Upepo fuata kilichoandikwa ubavuni kwa mzigo wako, kwa 315 hizi mzigo kamili mbele ni kama psi 120, ipimwe asubuhi tairi ikiwa baridi. Ikipanda safarini usiitoe, hiyo ni joto, ikipoa utabaki na upungufu. Kupunguza upepo kwenye tope gari likiwa tupu, mwendo wa kutembea, sawa, ila bila kompresa ya kurudishia kabla ya lami mkataze kabisa.

SukaWaKitonga
Sawa fundi, kwa spea nimekubali. Mkuu, ukishafunga hizo mpya Mafinga, ukifika Iringa simama ukaze nati zote tena kabla hujashuka Kitonga, rimu zikishatulia nati huwa zinalegea.