Kamusi ya visawe ya karatasi: ina faida kwa anayehariri kijitabu cha wakulima?

Mwana wa Kitangari

Wakuu, habari za jioni. Nahariri kijitabu cha kurasa 40 kuhusu korosho na ufuta, kitakachosomwa kwenye vyama vya msingi vya ushirika vya Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara. Rasimu ina kasoro moja kubwa: "kuharibika" limejaa kila ukurasa. Korosho zimeharibika, mikorosho imeharibika, bei imeharibika, hata barabara ya kwenda ghalani imeharibika. Nikitafuta neno jingine kwenye simu naletewa orodha ndefu isiyo na maelezo, na nusu ya maneno hayakai kwenye sentensi.

Nauliza: kamusi ya visawe ya karatasi ina nafuu gani kuliko simu? Fedha ikitosha kitabu kimoja tu, kiwe hicho au kamusi ya kawaida? Na kinatumiwaje hasa?

Mikindani Pwani

Mkuu, kwa kitabu kimoja, nunua kamusi ya maana. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la tatu la 2013, au Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015, yoyote kati ya hizo itakufaa. Kamusi ya visawe ije ya pili, kwa sababu peke yake inaweza kukupotosha. Inakupa safu ya maneno yanayokaribiana na kukuachia kazi ya kuyatofautisha. Anayechomoa neno la tatu kwenye safu kwa kuwa tu hajalitumia bado, anaharibu sentensi iliyokuwa salama.

Kuhusu simu, tatizo hasa ni chanzo cha orodha. Vifaa vingi vya mtandaoni hupitia Kiingereza kwanza, ndipo vinarudi kwenye Kiswahili. Kiingereza kina neno moja linalobeba mwanga na wepesi, na jingine linalobeba haki, usahihi na upande wa kulia. Kwa njia hiyo maneno yasiyo na undugu wowote kwetu yanawekwa safu moja. Kamusi iliyotungwa na Waswahili kwa Waswahili haina kasoro hiyo. Iliyopo sokoni ni Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, iliyotoka Nairobi mwaka 1998. Faida ya pili ya karatasi ni jicho. Ukifungua ukurasa unaona na majirani wa neno lako, na mara nyingi unalolitaka limekaa mistari sita chini ya lile ulilolifuata.

Bi wa Kilwa Masoko

Naunga mkono, ila niongeze namna ya kuitumia, maana hapo ndipo wengi hukwama.

Kwanza ingia kwa umbo sahihi. Kitenzi hutafutwa bila "ku-" na bila viambishi vya nyongeza: "zimebunguliwa" iko kwenye B, chini ya "bungua". Jina hutafutwa kwa umoja: mabibo chini ya "bibo", nyuso chini ya "uso", meno chini ya "jino". Anayetafuta "meno" kwenye M atafunga kitabu akidhani neno halimo.

Pili, usiingie na neno moja. Kile kitabu mashuhuri cha Kiingereza cha daktari Peter Mark Roget, kilichotoka London mwaka 1852, kimepanga maneno kwa mawazo, katika matabaka makuu 6, na faharasa iko nyuma. Yetu imepangwa kwa alfabeti, kwa hiyo lango ni neno lenyewe. Ukiingia kwa "haribika" pekee utapata yale mapana. Ingia pia kwa "oza", "kauka", "shuka" na "bomoka", halafu linganisha.

Tatu, na hii ndiyo yenye uzito: kabla hujafungua kitabu, jiulize nini kimetokea, kwa sababu gani, na kitu gani kimepatwa. Chukua tendo la kuvuna. Kamusi inaweza kukupangia vuna, chuma, okota, angua, ng'oa na kusanya safu moja. Shambani hayakai safu moja. Nazi huanguliwa, muhogo hung'olewa, pamba huchumwa. Ufuta hukatwa, ukasimamishwa ukauke, kisha ukakung'utwa juu ya turubai. Korosho huokotwa baada ya kudondoka yenyewe, na hapo neno ndilo lenye maelekezo: ukiandika "chuma korosho", umemwambia mkulima azitungue mtini kabla hazijakomaa, na zikianikwa zitasinyaa.

Hali hiyo hiyo iko kwenye kubeba. Mzigo hujitwikwa kichwani, hupagazwa begani. Mtoto huelekwa mgongoni, hupakatwa mapajani. Kitu kidogo hufumbatwa mkononi. Kamusi ya visawe inakukumbusha maneno yote hayo kwa mara moja, na hapo ndipo ninapoipenda. Lakini lipi ni la bega na lipi ni la kichwa, utalipata kwenye kamusi ya maana, na lazima uende kulitafuta.

Mwana wa Kitangari

Asante sana, Bi Kilwa, na wewe mkuu wa Mikindani. Naweka kipande chenyewe mkione:

"Korosho zikiharibika ghalani, bei huharibika mnadani na jina la chama huharibika. Korosho nyingi huharibika kwa sababu ya unyevu, nyingine huharibika kwa wadudu, na nyingine huharibika tangu shambani."

Bi wa Kilwa Masoko

Hapo una "kuharibika" mara sita, na kila moja ni jambo lake. Ya unyevu: korosho huota ukungu, na zikikaa zaidi huoza. Ya wadudu: hubunguliwa. Ya shambani: husinyaa zikichukuliwa changa, au huchipua zikiachwa chini mvua ikanyesha. Bei ina vitenzi vyake, navyo havilingani: imeshuka ni habari ya kawaida, imeporomoka ni kushuka kwa ghafla na kwa kiasi kikubwa, imedorora ni kuzubaa bila kupanda. Mkulima anayesubiri mnada anahitaji kujua ni ipi kati ya hizo tatu. Jina la chama huchafuka.

Ningeandika hivi: "Korosho zikiota ukungu ghalani, bei hushuka mnadani na jina la chama huchafuka. Ukungu hutokana na kuhifadhi korosho ambazo hazijakauka vizuri. Nyingine hubunguliwa na wadudu, na nyingine huletwa zikiwa zimesinyaa tangu shambani."

Angalia kilichotokea kwenye sentensi ya pili. Baada ya kupata neno halisi, sababu ilidai sentensi yake. "Kuharibika" lilikuwa limeificha.

Tahadhari moja ya maumbo: kwenye safu ya "oza" utakutana na "vunda". Usiliongezee "-ika" ukidhani unalilainisha. Kuvunda ni kuoza na kunuka. Kuvundika ni kuyafunika matunda mabichi mahali pa joto ili yaive, kama tunavyofanya ndizi. "Chacha" nalo ni la chakula kilichoingia ukali, au bahari iliyochafuka. Halifai kwa korosho.

Na usiondoe "kuharibika" kote. Panapozungumzwa madhara ya kila aina kwa pamoja, kama kwenye kichwa cha sura, ndilo neno sahihi.

Mikindani Pwani

Hilo la mwisho lishikwe sana. Kwenye kijitabu cha mafunzo, neno la kitaalamu halibadilishwi kwa ajili ya urembo. Ukianza na "ubwiri unga" ukurasa wa 5, usigeuze kuwa "ukungu mweupe" ukurasa wa 9. Msomaji atadhani ni maradhi mawili, atanunua dawa mbili. Vivyo hivyo kupogolea: ukishasema kupogolea matawi, usirukie "kufyeka" wala "kukata" ili kukwepa marudio. Kufyeka ni kwa pori na majani, na mtu akifyeka mkorosho ameumaliza.

Sasa kununua. Shika nakala mkononi kabla ya kulipa. Fungua katikati uangalie mgongo: ukiona uzi kwenye mikunjo, kimeshonwa na kitastahimili kufunguliwa kila siku. Kikiwa cha gundi tupu, majani huanza kuchomoka, na joto la pwani huharakisha. Kama ni kivuli kilichotolewa kwenye mashine, pitia namba za kurasa, maana huruka, na ukingo wa ndani mara nyingi hukatwa pamoja na herufi za mwanzo. Ukiagiza Dar kwa basi, omba kwanza picha ya mgongo na ya kurasa tatu za ndani.

Kukitunza: kiache sentimita 10 hivi kutoka ukutani, kisimame, kisibanwe na vingine. Usikifunge kwenye mfuko wa nailoni, unyevu hukwama ndani na ukungu huanza kwenye gamba. Andika pembeni kwa penseli, wino huvuja kwenye karatasi yenye unyevu.

Tena, tengeneza yako ndogo. Kaunta buku la kwaya mbili linatosha. Usipange kwa alfabeti, panga kwa nyanja: shamba, ghala, mnada, bahari, mwendo, hisia. Kila neno liwe na safu nne: neno, nani hulitenda, kitu gani hutendewa, na sentensi moja kamili uliyoisikia kwa wenye kazi yao. Safu ya tatu ndiyo inayokosekana kwenye kamusi nyingi, nayo ndiyo inayookoa kazi kama yako.

Mwana wa Kitangari

Nimeelewa, wakuu. La mwisho: "kangomba" nilibadilishe? Nimeona "ulanguzi" kwenye orodha.

Bi wa Kilwa Masoko

Liache. Ulanguzi ni kununua na kuuza kwa magendo au kwa bei ya kuumiza, na unahusu bidhaa yoyote. Uchuuzi ni biashara ndogondogo, tena halali. Udalali ni kuunganisha muuzaji na mnunuzi. Hakuna hata moja linalosema kile ambacho kila mtu wa Tandahimba anakijua. Linapotokea mara ya kwanza weka maelezo mafupi: "kangomba, yaani kununua korosho kwa mkulima nje ya mnada wa chama". Kuanzia hapo litumie lilivyo hadi ukurasa wa mwisho, bila alama za kunukuu.