Mtoto wa filamu akikua akagombea bila chama kikubwa, utampa kura?

Fundi wa Kayole
Wanajamvi, kuna jambo linanikera. Mwaka 2020 kule Marekani kulikuwa na mgombea urais anaitwa Brock Pierce. Alianza kuigiza filamu utotoni, na 1996 akacheza mtoto wa rais anayeishi ikulu. Akakua, akatajirika kwa sarafu za kidijitali, kisha akatangaza anataka ikulu yenyewe, siku moja tu baada ya Kanye West. Hakuwa Republican wala Democrat. Alipata kura zisizofika 50,000 katika uchaguzi wa kura zaidi ya milioni 150. Watu walimcheka. Mimi sikucheka. Mtu kama huyo akitokea hapa Nairobi, amekulia jukwaani, hana chama kikubwa, tumpe nafasi au tumfukuze? Mimi nasema tumpe. Hivi vyama vyetu vikubwa vimetufanya ng'ombe wa maziwa.

Mzee wa Makadara
Mimi simpi. Mtoto aliyelelewa kwa makofi hajui kuambiwa hapana. Siku wananchi wakimzomea atalia. Na hawa watoto wa runinga wote huharibika, hilo halina ubishi. Yule mfupi, Gary Coleman, si aligombea ugavana California akawa wa tano? Aliishia wapi?

Wakili Mdogo
Mzee, hakuwa wa tano. Alikuwa wa nane, kura 14,242, mwaka 2003, kati ya wagombea 135. Aligombea bila chama. Aliyeshinda alikuwa mwigizaji pia, Schwarzenegger, ila yeye alikuwa na Republican nyuma yake. Fundi, jibu lako liko hapo. Hata kwetu angalia: mchekeshaji KJ aliingia bungeni na chama, mwimbaji Jaguar na chama, mtangazaji Jalang'o na chama. Watu wanafikiri ni umaarufu. Umaarufu unakufikisha mlangoni, chama ndicho chenye ufunguo.

Katiba ya 2010 inamruhusu mgombea huru, mradi asiwe mwanachama wa chama chochote miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kiti cha MCA, yaani mjumbe wa wadi kwenye bunge la kaunti, unahitaji wapigakura 500 wa wadi wakuunge mkono. Urais ni 2,000 kutoka kila kaunti, katika zaidi ya nusu ya kaunti. Reuben Kigame, mwimbaji wa injili, alijaribu 2022 na tume ya uchaguzi, IEBC, ikakataa kumwidhinisha. Waliobaki kwenye karatasi ya kura walikuwa wanne, na wote walikuwa na vyama.

Dada wa South B
Mzee, hilo neno "huharibika" limenichoma, na sitaliacha lipite. Gary Coleman hakuharibika. Pesa zake ziliisha mikononi mwa watu waliopaswa kumtunzia. Aliwashtaki wazazi wake wa kumlea na mshauri wake 1989, na 1993 mahakama ikaamua alipwe dola milioni 1.28. Mtoto mgonjwa wa figo, anachekesha taifa zima, kumbe nyumbani wanamchota. Unamlaumu nani hapo?

Najua ninachosema. Binti yangu akiwa na miaka sita alichukuliwa kwa tangazo la biashara. Tulifika saa kumi na mbili asubuhi. Saa nane mchana alikuwa bado anarudia kung'ata mkate uleule na kutabasamu; kila akimaliza wanasema "mara moja tena". Aling'ata mpaka akatapika kwenye gauni la kazi. Walimfuta, wakambadilisha gauni, wakaendelea. Na mimi nilikuwa nimekaa palepale kwenye kiti cha plastiki, nikanyamaza kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa. Malipo yalikuja baada ya miezi minne. Kwa jina la baba yake.

Mzee wa Makadara
Pole kwa mtoto. Lakini pesa ya mtoto ni ya nyumba. Anayelipa karo ni nani? Anayenunua uniform ni nani? Mimi nilichunga mbuzi wa baba yangu tangu nikiwa na miaka saba na sijawahi kumpeleka mahakamani.

Dada wa South B
Mbuzi ulikula nyama yake, Mzee. Binti yangu hakuona hata daftari.

Wakili Mdogo
California walishayapitia haya. Jackie Coogan, yule mtoto aliyeigiza na Chaplin, alikuta mamilioni yake yameliwa na mama na baba wa kambo. Sheria ikatungwa 1939. Siku hizi asilimia 15 ya mapato ya mtoto lazima iwekwe kando, mzazi asiiguse. Katiba yetu, kifungu cha 53, inamkinga mtoto na kazi za kumnyonya.

Mzee wa Makadara
Asilimia 15! Kwa hiyo 85 mzazi anakula, na bado mnanitukana mimi?

Dada wa South B
Nani amekutukana? Soma tena nilichoandika, polepole. Nimesema mtoto asiitwe ameharibika wakati walioharibu ni watu wazima.

Fundi wa Kayole
Jamani, niliuliza habari ya kura. Mtu huru, bila chama. Turudi hapo.

Kwaya ya Zamani
Fundi, mimi ninalo jibu, maana ni mimi. Mwaka 1988 nilikuwa darasa la sita, Eastlands. Wiki tatu tulitolewa darasani tukakariri wimbo wa kumsifu rais. Sikukuu ilipofika tuliamshwa saa kumi usiku, na jua lilipotoka tulikuwa tumesimama uwanjani kwa mistari, soksi tumepandisha mpaka magotini. Mwenzangu wa kushoto akaanguka. Mwalimu akamshika kwapani akamvuta nyuma, kisha akaninong'oneza: "Ziba pengo, imba." Nikasogea hatua moja. Nikaimba. Baadaye soda moja watoto wawili, na robo mkate.

Nimewaburudisha wanasiasa nikiwa mtoto, Mzee, na sikulipwa hata senti. Ndiyo sababu sasa nataka kugombea MCA bila chama. Nimekaribishwa na vyama viwili. Vyote viliniambia kitu kimoja: njoo uimbe kwenye mkutano kwanza. Nina miaka hamsini! Nimekataa. Nazunguka na karatasi za sahihi jioni nikitoka kazini, plot kwa plot, na watu wanaogopa kuandika nambari ya kitambulisho, wanadhani ni mkopo wa simu.

Wakili Mdogo
Hakikisha hao 500 wamesajiliwa kupiga kura kwenye wadi yako. Aliyejiandikisha kwao ushago hahesabiwi, hata kama anakaa mlango wa pili.

Fundi wa Kayole
Nakuja inbox. Nina watu kumi na mmoja kwenye plot yetu.

Dada wa South B
Ukifika kwenye kaunti, uliza nani anawachukua watoto wa shule kwenda kuwachezea wageni siku za masomo. Uliza kwa barua, upewe jibu kwa barua. Kura yangu iko hapo.

Mzee wa Makadara
Sitasaini. Mtu bila chama akifika pale assembly hana hata wa kumwunga hoja, na barabara yetu itabaki matope. Msimamo wangu ni huo. Lakini kijana, huyo aliyeanguka, alipona?

Kwaya ya Zamani
Alirudi shule baada ya wiki. Kwaya hakurudi. Mwalimu alimchapa kwa hilo.