KANIFUNUA SIKIO BUNDUKI IKILIA! Huyu "mtaalamu" wetu wa Houston atatuua

Wakuu, salamu baadaye, sikio la kushoto bado linapiga filimbi. Jina sitaji. Wabongo wa Houston mnamjua: kofia ya kauboi, mtaalamu wa bunduki, wa viza na wa pilau.

Nilimwambia kabla hatujaenda kulenga shabaha nipite dukani nichukue viziba masikio. Akacheka mpaka akakohoa. "Dogo, hii Texas, siyo kliniki." Akanipa pamba. PAMBA, ya kusafishia vidonda! Nikagoma, nikakodi hedifoni za kuzuia kelele pale kaunta, NRR (kipimo cha kupunguza kelele) 22, zimelegea, na mikono ya miwani inaziinua pembeni.

Tumo ndani, kuta za zege, jirani ana raifo yenye kile kidude cha mdomoni kinachotupa mlio pembeni. Mtaalamu ananielekeza. Sisikii. Anarudia. Sisikii, SI NDIYO KAZI YA HEDIFONI? Akanyoosha mkono, akaniinulia ya kushoto, anafungua mdomo aseme "panua miguu"... PAAA!

Aliinua. Kwa vidole vyake. Mlio wa ghafla ukipita desibeli 140 sikio linaumia hata kwa risasi moja, na raifo inapita 160, yeye anafunua! Nimeona mababu wote hadi wa Ujiji. Namgeukia, ananiambia: "Umesikia sasa?" UMESIKIA SASA!

BintiTemeke: 😂😂 umesikia sasa

FundiRedio: Pole mkuu, ila hedifoni za kukodi na miwani ni kujitakia. Anza na sponji, kile kiziba sikio laini: isokote iwe nyembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia mpaka ijae. Hedifoni juu yake. Na msijumlishe namba, NRR 33 ya sponji na 22 ya hedifoni siyo 55, ya pili inaongeza kama 5 tu.

MzeeWaKaty: Sponji za nini zama hizi? Chukua za elektroniki, maneno yanapita, mlio unakatwa. Ungemsikia bila kufunuliwa.

Mleta uzi: Kwa hiyo kosa langu?? MTU KANIINULIA HEDIFONI!

BintiTemeke: Mkuu punguza sauti, au ndiyo sikio?

Shangazi_Dallas: Hizo za elektroniki nilimwagiza yeye huyo huyo. Dola 60. Mzigo uko njiani tangu kabla ya Korona.

KakaMkubwa: 60 tu? Mimi nilichanga harusi yake, harusi yenyewe sijaiona.

Shangazi_Dallas: Ilikuwepo. Pilau likaisha wageni wako parking.

FundiRedio: Heri lingeisha mapema zaidi, nyama ilikuwa mbichi.

MzeeWaKaty: Aliyepika ni shemeji yangu, na mpaka leo kalipwa nusu. Wewe wa nyama mbichi, njoo PM.

Mleta uzi: Jamani, sikio langu...

KakaMkubwa: Ngoja kwanza mkuu. Mzee, hiyo nusu alilipwa na nani? Maana mchango wangu ulikuwa wa mpishi.